Upande ya Bibi mu Mashini ya Marehemu

Banangu, banyinyi benye munafunguaka mashini ya bantu na tournevis mu mukono na musiki mu masikio, leo toshani kwanza ile musiki. Nitasema na hasira, na sitalomba pardon juu ya hasira yangu. Kuko hasira ingine Mungu njo anatupatiaka, juu tusilale.

Minye ni Mama Esther ya Kikula. Karibu miaka makumi mbili nilitengeneza ba ordinateur mu kanyumba ka mulango ya bleu, pale ba taxi-bus banageukiaka. Masomo ya muchana sikumaliza, nilizaa mapema. Nilisoma mangaribi, batoto nilikuwa ninabaacha kwa mama yangu. Sasa macho ilikatala. Docteur alisema: mama, ba vis ya kidogo, basi. Nilifunga mulango ya bleu. Mudomo yangu, docteur hakuifunga.

Kuko neno moja mu hii kazi yenye inaniumizaka ku roho: formater, kufuta mashini yote na kuanza upya. Muntu analeta mashini, iko nzito: formater. Haina sauti: formater. Mama anasema clavier yake haiandike tena A: formater! Ni kama docteur mwenye anakata mukono juu ya kila homa. Na hamuulizake ata: mama, mu ndani kuko nini? Nani alitia? Munafuta tu. Munafuta picha ya ndoa. Munafuta kazi ya mutoto mwenye alilala njaa juu ya kuiandika. Kiisha munapangusa mikono na kusema: "Angalia mama, sasa inakimbia." Inakimbia, ndiyo. Haibebe tena kintu, itakosa namna gani kukimbia?

Papa Anselme, mwenye alitufundisha ile mangaribi, angalikuwa angali muzima, angaliwafukuza bote inje. Alikuwa fundi ya courant, ile umeme, mbele ya kukuwa fundi ya mashini, muzee mufupi, suruali mpaka ku kifua. Siku alitufundisha kutia ba système mbili mu mashini moja, hakugusa mashini. Alikamata craie, akachora lupango, ile parcelle yenye tunaikalaka na familia.

"Disque ya mashini ni hii lupango," alisema. "Bwana alijenga nyumba yake, Windows. Akakamata lupango yote, ata mahali ya kupanda sombe. Sasa munataka kujenga nyumba ya pili pembeni, Linux. Munaanza na nini?"

Mwenzetu moja akapandisha mukono: "Kubomoa ya kwanza!"

"Weye, toka inje."

Na alimutosha kweli. Dakika tano ule muntu mukubwa, baba ya batoto, alisimama ku mulango kama mutoto ya première primaire. Kiisha Papa Anselme akaendelea: "Kwanza munatosha bintu ya mwenye nyumba, munaichunga mahali ingine. Nyuma ya ile njo munasukuma mupaka polepole, juu kubakie nafasi. Nyuma ya ile njo munajenga. Na ku mulango ya lupango munatia sentinelle, mulinzi. Ukiwasha mashini, sentinelle anauliza: unaenda kwa nani, kwa Windows ao kwa Linux? Ukinyamaza, kiisha ba seconde kidogo anachagua yeye mwenyewe. Na mutie ku kichwa: sentinelle analalaka mu nyumba ya pili. Kule kwa Linux. Mukibomoa ile nyumba, munaua sentinelle, na mulango ya lupango inabaki ya kufunga juu ya bote."

Nilicheka juu ya sentinelle. Sikujua siku moja itabidi niende kusema juu yake mbele ya familia muzima, na mujane anaikala chini.

Na musiniangalie kama muntu mwenye hakukosaka. Mara ya kwanza nilifanya ile kazi mimi peke yangu, ni ku mashini ya chorale ya bamama ya kanisa yetu. Batterie yake ilikuwa ya kufa zamani, nami niliona haina neno, courant si iko pale. Nikaanza kusukuma mupaka. Mu katikati ya ile kusukuma, tac, courant ikakatika. Banangu, wakati mupaka inasukumwa, bintu yote ya nyumba iko mu mikono ya benye kubeba, haiko kule ilikuwa, haijafika kule inaenda. Mashini iliporudi, nyimbo yote ya chorale ilikwenda. Na sikukuwa nimetosha kopi. Majuma tatu niliandika upya, bamama banaikala mbele yangu na makaiye yabo, na kila mama iko na couplet yake. Moja anaimba hivi, mwenzake anasema hapana, ile ni ya zamani, wa tatu anasema banyinyi wote hamukukuwa pale wimbo ulifika. Nilizeeka mu ile majuma tatu.

Toka ile siku: kopi kwanza. Batterie ya kujaa, ao ka onduleur pembeni, kale kanachungaka courant kama ya inje inakatika. Kama mwenye mashini iko na haraka, aende na haraka yake.

Sasa nifike kwenye ninataka kufika.

Papa Faustin na bibi yake, Mama Nadège, tulikuwa tunasali nabo. Papa Faustin alikuwa anatumika ku carrière ya Kakontwe, anaandika ba camion yenye inatoka na majiwe, na programme ya ile kazi ilikuwa inafunguka paka mu Windows tu. Mama Nadège, yeye alikuwa anaandikia bantu ku mashini ile ile mu nyumba: maulizo ya examen ya masomo, na ba TFC, ile kazi kubwa ya mwisho yenye ba étudiant banatetea mbele ya kupata diplome. Lakini kila étudiant anakuya na clé USB yake, na kila clé na virus yake.

Siku moja bakafika kwangu bote babili, mashini mu kitenge.

"Mama Esther," Mama Nadège anasema, "hizi clé zinaniletea magonjwa ya inchi muzima."

"Njo maana nilimuambia aache ile kazi," bwana yake anasema.

"Niache? Masomo ya batoto utalipa na majiwe ya Kakontwe?"

Tukacheka. Nikabaambia: "Linux, virus ya ku clé haijue mulango yake. Mama aandikie kule."

"Mi sitoke mu Windows yangu," Papa Faustin akasema.

"Nani anakufukuza, papa? Tutajengea mama nyumba yake mu lupango yako."

"Lupango yetu," Mama Nadège akasema. "Ile mashini tuliitokea jasho babili."

"Atakamata ngapi?" bwana yake akauliza.

"Nusu," nikasema.

"Nusu! Mama Esther, hauna huruma. Mwanamuke unamupatia nusu, kesho anakulomba na kitanda yote."

"Kitanda nilikamataka zamani," bibi yake akasema. Na yeye Papa Faustin njo alicheka kupita bote. Alikuwa muntu ya kucheka, Mungu amupokee.

Nilifanya muzuri. Nilitosha kopi. Mupaka niliisukuma na chombo ya Windows yenyewe, juu mwenye nyumba njo anajua fasi alificha bintu yake. Nilizima ile démarrage rapide, juu nayo Windows hailale kabisa, inafunga macho moja tu, na Linux ikitaka kuingia kwake kuchukua document, inakatazwa. Na pale installation inauliza "kufuta disque yote ao kuikala pembeni?", nilisoma mara tatu mbele ya kufinya. Musomake, banangu. Musifinye kama muntu anapiga mbu.

Lakini kintu moja nilisahau. Kiisha siku tatu, Papa Faustin anaingia kwangu na botte ya kazi, jasho mu uso.

"Mama Esther, mashini yako inaniibia masaa!"

"Namna gani?"

"Asubuyi nimeangalia kule kwangu, imeandika quatre heures, ingali usiku. Nikarudia kulala. Kumbe ni six heures, kumekucha! Motoka ya kazi imeenda, nimefika Kakontwe ku kinga ya jirani, ile baiskeli yake ya zamani, chef ananiangalia kama mwizi."

Ilikuwa kosa yangu. Mu kila mashini kuko saa kidogo ya ndani, tuseme saa ya ku kibambazi. Linux anaitiaka saa ya dunia, kiisha anaongeza masaa mbili ya huku kwetu mu kichwa yake. Windows, ye hahesabu, anasoma kibambazi tu vile iko. Mama akifunga kwake, baba akifungua kwake, masaa mbili imepotea. Dawa yake ni mustari moja tu ya commande kule kwa Linux, kumuambia: soma kibambazi kama wenzako. Niliiandika pale pale, nikalomba pardon. Lakini Papa Faustin alipenda ile hadisi. Alielezea kila muntu, ku kanisa, ku kazi, kwa ndugu zake: "Ile mashini ya bibi yangu inaniibiaka masaa!" Na anacheka.

Mwaka yenye ilifuata, akagonjwa. Haikumaliza majuma mbili. Tukamuzika.

Viti ya kilio hatukukuwa tumerudisha, familia ya bwana ikaanza kubeba. Televizyo ikaenda. Friji ikaenda. Suruali ya marehemu yenye Mama Nadège alitaka kuchungia mutoto yake mwanaume, ikaenda. Sheria ya inchi inakatala. Neno ya Mungu inakatala, muntu ya kutesa mujane hana fasi ya kujificha mbele Yake. Bo banasema: ni desturi. Desturi ya nani? Bankambo betu balikuwa na friji?

Asubuyi moja Donat, ndugu mudogo ya marehemu, akafika ku mulango yangu ya bleu na mashini mu kwapa.

"Jambo, mama technicienne."

"Jambo, papa."

"Hii ni mashini ya yaya yangu, mukubwa yangu marehemu."

"Ninaijua. Minye njo nilitengeneza."

"Bien. Tosha ile ya bibi. Acha paka ya yaya."

Nikaweka chini kintu nilikuwa nayo mu mukono. "Ile ya bibi iko na kazi ya bantu mu ndani. Yeye anajua uko hapa?"

"Nimuulize nini? Mashini ni ya mulume."

"Nani alikuambia ni ya mulume? Nilikuwa pale, balikuwa babili."

"Mama, sikukuya kubishana. Kuko ba technicien banaume mu huu mugini."

"Kuko mingi. Ubaulize kwanza sentinelle analala wapi."

"Sentinelle gani?"

"Njo ile. Ubaulize."

Akageuka akaenda, mashini mu kwapa kama kuku ya kuiba. Na minye nilimuacha aende. Mpaka leo inaniuma. Ningalipaswa kufunga mulango na ile mashini mu ndani, apige kelele, bantu bajae, basi. Sikufunga. Niliona nimesema maneno ya kali, nikafikiri ile inatosha. Na kintu ingine: kopi ya mwisho ya kazi ya Mama Nadège ilikuwa ya zamani sana. Nilimufundisha kutosha kopi, sikumufuata kuona kama anatosha. Hii nayo niandikieni mimi.

Technicien mwenye alipokea ile mashini, jina yake sitasema, iko na bibi na batoto. Nitasema tu kazi yake. Alifungua mashini na Windows ya ku clé yake mwenyewe, akaangalia disque, akaona nusu moja yenye haina jina. Windows haijue kusoma nyumba ya Linux, njo maana inaonyesha paka kiwanja. Akasema: hii ni fasi ya bure. Hakuuliza. Hakuwasha ata mara moja bila ile clé, kuona sentinelle anasema nini. Akafuta. Akazima, akawasha: giza, na mustari moja ya kizungu ku écran. Akamuambia Donat: "Disque imekufa." Akamurudishia. Mwanaume muzima! Nyumba ya watu umebomoa, kiisha unasema nyumba ilikufa yenyewe.

Na Donat, juu asijulikane, akarudisha mashini kwa dada yabo mukubwa, Tantine Régine, akasema neno moja tu: "Haiwake."

Tantine Régine alikuwa na uchungu ya ndugu yake, sikatale. Lakini akabeba ule uchungu mpaka ku robinet ya quartier, saa ya bamama bote kuchota, akasema kwa sauti: "Ule mwanamuke alikula ndugu yetu, sasa anakula na mashini yake, juu tusibebe kintu! Marehemu mwenyewe alisemaka: ile mashini ya bibi yangu inaniibia masaa. Munafikiri ni masaa gani? Ni masaa ya maisha yake!"

Banangu, musikie. Mustari moja ya commande yenye nilisahau, mucheko ya muntu ya muzuri, ikageuka bulozi, uchawi, ku robinet.

Ile mangaribi Mama Nadège akakuya kwangu. Hakulia. Aliikala ku kiti ya ba client, akafunga mikono.

"Samedi, hii jumamosi, familia inaikala mukutano," akasema. "Banataka nitoke mu nyumba na batoto. Mama Esther, friji baende nayo. Lakini nikitoka na jina ya mulozi, nani ataletea mulozi kazi ya kuandika? Nani ataoa binti yangu Nadège? Na mule mu mashini kuko TFC ya étudiant moja, anatetea lundi, ile jumatatu yenye inafuata. Nitamuambia nini?"

"Mashini iko wapi?"

"Bataileta samedi. Banasema itakuwa témoin, ishuhudie juu yangu."

"Muzuri," nikasema. "Itakuwa témoin kweli."

Nilisali. Kiisha nikajaza ka onduleur, nikatayarisha clé yangu yenye inawashaka mashini bila sentinelle, nikajaribu clé mara mbili ku mashini ya kwangu. Mungu alitupatia magoti na alitupatia akili, nabeba yote mbili.

Samedi, kiisha saa sita, baliikala mu salon yenye ilibakia na kiti tu. Nkambo Sylvestre, babu mudogo ya marehemu, njo alikuwa mukubwa ya mukutano. Donat ku dirisha. Tantine Régine mu katikati. Mashini ku kameza kadogo. Mama Nadège chini ku mukeka na batoto.

Nkambo akaniangalia. "Mama, weye uko nani mu hii familia?"

"Haniko mu familia, nkambo. Minye njo nilijenga mule mu mashini. Munasema ni bulozi. Kama ni bulozi, ni minye mulozi, muniulize minye."

"Munaona! Anasema mwenyewe!" Tantine Régine akapiga mikono.

"Régine, nyamaza kidogo," nkambo akasema. "Mama, eleza."

Nikachora lupango mu kaiye, vile Papa Anselme alitufundisha. Nyumba ya bwana, nyumba ya bibi, sentinelle ku mulango. Nkambo alitumika maisha yake yote ku mashine kubwa za kazi, akaelewa mbio kupita ba technicien mingi ninajua.

"Donc," akasema, "kama mulango haifunguke, sentinelle haiko."

"Njo vile. Tuone nani alimutosha."

Nikawasha na clé yangu. Kufuta, banangu, mara mingi haiko kubomoa. Mwenye anafuta anatosha tu mupaka ku karatasi ya lupango. Nyumba ingali inasimama mu majani, kama hakuna mwenye alijenga juu yake. Kuko programme yenye inapita disque yote polepole, inatafuta alama ya mupaka ya zamani. Nikaitia. Ikaanza kutembea. Haikuwe mbio. Tantine Régine akaanza kuomba kwa nguvu, anafunga pepo ya mashini, na kila anasema "toka!", nkambo anaruka kidogo ku kiti.

"Régine, acha mama afanye kazi. Unanishitusha minye, haushitushe pepo."

Courant ilikatika mu katikati. Muntu moja akasema "unaona!" Lakini ka onduleur kakalia bip, mashini ikaendelea. Nilikuwa na jasho mpaka mu viatu.

Ikasimama. Nikageuza écran kwa nkambo. "Angalia. Hii ni upande ya marehemu, muzima, hakuna kintu imepotea. Na hii, yenye haikuwe ku liste na sasa imepatikana, ni upande ya bibi. Haikuliwe. Ilifutwa. Nkambo, bulozi haifunguake mashini, kuchagua nusu ya disque, kufinya supprimer, na kufinya oui. Ile ni mukono. Mashini ilikuwa kwa nani?"

Nkambo hakugeuza kichwa, alisema tu: "Donat."

"Technicien alisafisha kidogo..."

"Nani alimutuma?"

Donat akaangalia inje kwa dirisha. "Minye."

"Na dada yako akisema bulozi, ulikuwa unasikia?"

Donat akainama, akaanza kufunga kamba ya kiatu.

Nikarudisha mupaka, nikarudisha sentinelle ku mulango, nikatosha clé, nikawasha. Mistari mbili ikatokea ku écran, ya bibi na ya bwana. Mama Nadège akafinika uso na kitenge.

Lakini musifikiri Donat alipata haya. Akakuya karibu: "Bien. Kama inawaka, tufungue ya yaya yangu, tuone, kiisha tuende nayo."

"Fungua," nikasema.

Mashini ikalomba code. Donat akaandika jina ya baba yabo. Hapana. Akaandika jina ya mugini kwabo. Hapana. Akaandika jina ya équipe yenye yaya yake alipendaka. Hapana. Nkambo akamuambia Mama Nadège: "Mama, unaijua?" Akasimama, akatembea mbele ya bote, akaandika bila kuangalia clavier, ikafunguka. Ku écran kulikuwa Papa Faustin na batoto yake tatu, anacheka na meno yote. Mutoto mudogo akasema: "Papa." Donat akarudia ku dirisha.

Nkambo akasimama. "Hii mashini haitoke. Na hii mama na batoto habatoke. Friji na televizyo tutasema juu yake, Donat, minye na weye."

Njo hii kazi ninabaambia, banangu. Hakuna mashini ya nyumba yenye ni ya muntu moja. Muntu akileta mashini yenye iko na système mbili, muite bote babili benye kuandika mule. Moja akiwa amekufa, muite mwenye alibakia. Akikatala kumuita, mufunge mulango na mashini mu ndani, musifanye kama minye. Na ukifuta, sema ulifuta. Usiseme disque ilikufa. Kati ya wewe kusema "pardon, nilikosa" na wewe kunyamaza, mwanamuke alikuwa karibu kulala barabarani na batoto.

Ile samedi bakakunywa soda, bakaanza kufunga bitenge. Hakuna mwenye alilomba pardon. Ata moja. Nilikuwa ninakunja ba fil yangu na hasira. Nikafika mbele ya Tantine Régine.

"Tantine, ile neno ulisemea wapi?"

"Neno gani?"

"Unaijua."

"Mama, nilifiwa na ndugu. Nilisema na uchungu."

"Nilikuona ukilia ku kaburi, tulilia pamoja. Ulisemea wapi?"

Akaangalia nkambo. Nkambo alikuwa anangojea jibu naye.

"Ku robinet," akasema.

"Mbele ya nani?"

"Bote."

"Basi."

Sikuongeza. Mashini naweza kurudisha na clé. Neno yenye ilitoka ku robinet, hakuna programme.

Lundi asubuyi nilikuwa ku robinet, mu rang ya bamama, na ndoo yangu. Tantine Régine akafika bila ndoo. Akasimama pembeni ya robinet, kitenge ya kilio mu mabega. Bamama bakageuka moja moja.

"Bibi ya ndugu yangu haiko mulozi," akasema. "Ni Donat njo alifutisha ile mashini. Minye nilisema bongo, haikukuwa kweli."

Maji ilijaa mu bidon ya muntu na kumwangika chini. Mwisho mama moja akasema: "Tantine, songa kidogo, maji inapotea." Akasonga. Akaenda na barabara ya kwake, polepole, na hakuna mwenye alimucheka.

Mama Nadège hakuwe pale kusikia. Niliacha tour yangu ya kuchota, nikakimbia mpaka kwake na ndoo haina maji, juu nimuambie. Nikamukuta ku mashini, upande yake, mikono inakimbia, makaratasi ya étudiant mpaka chini ku mukeka. Yule étudiant mwenyewe alikuwa ku mulango na cravate, anatetea kiisha saa sita.

Hakuinua kichwa.

"Mama Esther, Mungu njo amekutuma. Nisomee hii mustari. Huyu étudiant anaandika kama muntu mwenye iko juu ya kinga, inaruka mu mashimo."

Nikaweka ndoo chini, habari ya robinet ikangojea, nikamusomea.